Damu ya Daraja la Kwanza

Siku Mwajabu alipoona damu ya mke mwenzake imeharibika, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa raha. Tusimfichie. Hofu ilikuja baadaye, na huruma ikachelewa zaidi, lakini raha ilifika mwanzo kabisa, ikamkaa kifuani kama chai ya tangawizi asubuhi ya baridi.

Wala haikuwa kazi yake kuitazama damu hiyo. Katika maabara ya kiwanda cha Lukunja, Mwajabu alisoma damu za watu wa nje: madereva, wapishi, mafundi wa uzio, wote wa daraja la pili na la tatu. Wale wa daraja la kwanza, waliofanya kazi Ukumbi wa Ndani kwenye matanuru ya kuyeyusha paneli kuukuu za umeme wa jua, damu yao ilisomwa mara moja tu kwa msimu, tena kwa kutimiza wajibu. Vinasaba vyao vilikuwa vimeshasomwa wakiwa shuleni, ikaonekana wamezaliwa na miili inayojua kuosha sumu na kuunga kilichokatika. Watu wa mji waliwaita chuma. Wa daraja la tatu waliitwa laini, na Mwajabu alikuwa laini.

Damu ya Shufaa ilifika mezani kwake kwa sababu ya malaria. Wiki ile kiwanda kizima kilipimwa, kila mrija ukabaki na damu kidogo ya kumwaga. Mirija ilikuwa na namba badala ya majina, ili msomaji asijue anamsoma nani. Maskini, waliopanga utaratibu huo hawakuwahi kuolewa uke wenza. Mwajabu aliijua namba ya Shufaa kuliko alivyoijua yake mwenyewe. Alipouona mrija ule kati ya mingine, aliuchomeka kwenye mashine iliyoitwa Msomaji kabla hajajiuliza anataka nini. Alitaka chochote. Kasoro yoyote, hata ndogo, ya kwenda nayo nyumbani.

Msomaji ilikuwa mashine ndogo ya kutosha juu ya meza. Ilichukua chembe nyeupe za damu, ikazichochea zigawanyike haraka kuliko kawaida, kisha ikazipiga picha. Chembe inapogawanyika, kromosomu zake huvutwa huku na huku, kila upande upate fungu lake. Ikiwepo iliyokatika, kipande chake hakina wa kukivuta. Hubaki nyuma na kujikunja peke yake pembeni, kama tonge lililodondoka kando ya sahani. Maabara waliviita vipande hivyo makombo. Kila mtu anayo machache. Yakiwa mengi, maana yake ndani ya mwili kuna kukatika kusikoungwa, na saratani huanzia humo, ingawa si kila mara huanza.

Skrini ya Shufaa ilijaa makombo.

Mwajabu alisoma tena. Kisha akajichoma kidole, akasoma damu yake mwenyewe ili ajue kama mashine imeharibika. Damu yake laini, damu ya kudharauliwa, ilikuwa safi kabisa. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Alizima skrini, akaosha mrija, akaona kwenye kioo cha dirisha kwamba anatabasamu.

Haya, kabla hujamhukumu, sikiliza walivyomfanyia.

Yeye na Haruni walioana zamani, kadi za daraja zilipokuwa jambo la waajiri tu. Walipendana, wakamzaa Tausi, na Tausi alipofika umri wa kupimwa akatoka laini kama mama yake. Kufikia wakati huo kadi zilikuwa zimeshaingia mpaka kwenye posa. Mshenga alipofika, kabla ya kuulizwa ukoo aliulizwa daraja. Mama yake Haruni, Bi Zena, aliitazama kadi ya mjukuu wake, akaguna, akairudisha mezani kwa ncha za vidole. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba inasikitisha ukoo mzima kuishia nje ya uzio. Haukupita mwaka, akamletea mwanawe Shufaa: binti mrefu, mcheshi, mwenye daraja la kwanza, ambaye siku ya harusi aliivaa kadi yake shingoni kwa mkufu, juu ya dhahabu. Haruni alisema hakupenda, ila mama amelazimisha. Labda mwanzoni ilikuwa kweli. Mwajabu alimwona jinsi alivyoitazama ile kadi.

Tangu hapo neno zamu likawa na maana mbili uani kwao. Shufaa aliingia zamu Ndani wiki mbili, akilala kwenye mabweni ya kiwanda, kisha akarudi nyumbani wiki mbili. Akiwa Ndani, Haruni alikuwa wa Mwajabu mzima mzima. Akirudi, waligawana siku, na Mwajabu akalala kwenye chumba chake akisikia kicheko cha nyumba ya pili. Basi unaweza kuelewa hesabu aliyoipiga aliporudi kutoka maabara siku ile. Akisema alichokiona, Shufaa atatolewa Ndani moja kwa moja, atakaa nyumbani siku zote, na wiki mbili za Mwajabu zitakwisha. Akinyamaza, mambo yatabaki kama yalivyo. Alinyamaza.

Jioni hiyo alisonga ugali wa mtama na mlenda wenye karanga, mboga anayoipenda Haruni kuliko zote. Haruni alikula vizuri, akalamba vidole, kisha katikati ya shibe akamtaja mwenzake. Alisema wamezungumza kwa simu, na sauti ya Shufaa ilikuwa ya mtu aliyechoka. Amekonda pia, alidhani, tangu zamu iliyopita.

"Ndani kunachosha," Mwajabu alisema.

"Kunachosha wengine. Yule ni chuma." Haruni alicheka kidogo, kwa fahari ambayo hakujua kuificha. "Mwili wake haudhuriki hata umwagie nini."

Hapo ndipo angeweza kusema. Sentensi ilikuwa mdomoni, fupi, imeshaiva. Lakini alikuwa ameiona ile fahari, gere likampanda, akamwongezea mlenda.

Siku zikapita, na jambo la ajabu ni kwamba raha ile haikudumu. Aliitafuta asubuhi kitandani, akaikuta imepungua. Badala yake kulikuwa na swali lisilokaa kimya, swali la kazi: chuma hukatikaje? Watu wa Ndani aliwafahamu. Damu zao za msimu zilipita mikononi mwa wenzake, na zote zilikuwa safi. Walivaa barakoa moja, walivuta hewa moja. Kwa nini huyu peke yake?

Alimwuliza Dokta Sekela, mkuu wa maabara, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya chini na subira isiyo na mwisho. Alijifanya ni swali la kinadharia tu. Dokta Sekela alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba vinasaba vizuri ni kama kuajiriwa mafundi wengi mwilini: kromosomu ikikatika, mafundi wanaiunga kabla haijaleta madhara. Mwenye vinasaba dhaifu ana mafundi wachache, kwa hiyo asikae kwenye moshi. Ila yapo madini, kadimiamu kwa mfano, yale yale yanayotoka kwenye paneli, ambayo hayakati kromosomu tu; yanawafunga mafundi mikono. Mwili ukiyapata mengi, mafundi wawe kumi au elfu ni sawa tu.

"Kwa hiyo daraja halina maana?"

"Lina maana mpaka pale sumu inapozidi," Dokta Sekela alisema. "Ila Ndani haiwezi kuzidi. Barakoa zile nazikagua mwenyewe. Labda mtu awe anaila."

Mwajabu alitoka na neno hilo. Anaila.

Shufaa alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Asubuhi iliyofuata Haruni alipokwenda kazini, Mwajabu alivuka ua na kisingizio cha kuazima kinu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta mwenzake amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, mgongo ukutani, uso umepauka chini ya macho. Ni kweli alikuwa amekonda. Shufaa alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akainuka kwenda kukitafuta kinu, na alipoinuka, kitu kikadondoka kutoka kwenye pindo la kanga yake. Kilikuwa kipande cha udongo, cha rangi ya kijivu, kimeng'atwa upande mmoja.

Shufaa alikiokota upesi mno.

Hakuna mwanamke Lukunja asiyejua udongo unaliwa na nani. Mwajabu mwenyewe aliula miezi yote ya Tausi. Mimba. Mimba ya chuma, ile aliyoitaka Bi Zena alipomleta binti wa mkufu, imeingia, na yeye hakuambiwa. Bila shaka hakuambiwa. Mimba changa hufichwa macho ya watu, na macho ya kwanza kufichwa ni ya mke mwenza. Hata yeye angefanya vivyo hivyo. Aliumia hata hivyo, akaumia sana, akasimama pale akitabasamu kama mtu aliyebanwa na mlango asiyetaka watu wajue.

Kisha akautazama tena udongo. Udongo wa kula unaouzwa sokoni ni mwekundu, umechongwa vizuri na kukaushwa kwenye moto. Huu ulikuwa wa kijivu, wenye kung'aa kidogo, na aliujua ulikotoka. Ulitoka Korongoni, nyuma ya lundo la majivu ya kiwanda, mahali ambapo mvua ya kila msimu hupita juu ya majivu yale na kuteremka. Wanawake walisema udongo wa Korongoni unanukia mvua kuliko wote. Waliokuwa na akili hawakuugusa. Lakini muuza udongo wa sokoni ni shangazi yake Mwajabu. Shufaa angeuziwa kipande asubuhi, kufikia adhuhuri uani kwao kila mtu angejua. Ndiyo maana Shufaa alijichimbia mwenyewe, kwa siri, na kujaza mkoba wa kwenda nao zamu. Alikwepa macho ya Mwajabu, akaangukia kwenye sumu.

Mwajabu alichukua kinu, akashukuru, akaondoka nacho. Nyumbani alikiweka sakafuni, akakaa kando yake akilia kwa hasira, na hakujua anamkasirikia nani zaidi.

Mchana huo alikwenda kwa Dokta Sekela akamwambia yote: mrija wa malaria, makombo, udongo. Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa. Alisema tu mambo mawili, na kila moja lilikuwa zito. La kwanza, damu iliyosomwa bila ridhaa ya mwenyewe haiwezi kumtoa mtu Ndani. Mabosi wataitupa, na wakisikia ni mke mkubwa aliyeisoma watacheka kwanza. La pili, ikifika juu, Mwajabu atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

"Akikubali kutoa damu kwa hiari yake, nitaisoma mwenyewe na kuisaini," Dokta Sekela alisema. Alimpa kifuko cha vifaa: sindano, mpira wa kufungia mkono, mrija wenye lakiri. "Lakini kumshawishi ni kazi yako, Mwajabu. Mimi nikienda atakana mimba, na wiki zake mbili zikiisha anarudi zamu."

Alirudi na kile kifuko chini ya kanga. Njiani aliwaza njia zote rahisi. Angeweza kumwambia Haruni, lakini Haruni angesikia neno mimba na asisikie neno lingine. Angeweza kumwambia Bi Zena, naye Bi Zena angemwita mchawi. Angeweza kurudi nyumbani, kulala, na kuacha zamu ifike. Hii ya mwisho aliiwaza kwa muda mrefu kuliko zote. Alijiona kwenye msiba wa Shufaa, amevaa kaniki, akipewa pole na watu. Alijiona akiwa peke yake na Haruni tena. Picha hiyo ilimpendeza kiasi kwamba aliharakisha hatua ili afike nyumba ya pili kabla haijampendeza zaidi.

Shufaa alikuwa anakuna nazi. Mwajabu hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, kwa mpangilio mbovu, makombo kabla ya malaria, Korongo kabla ya makombo. Aliposema mimba, mkono wa Shufaa ulishuka tumboni wenyewe, halafu ukarudi kwenye mbuzi ya nazi kana kwamba umekosea njia.

"Umekuja kunitoa Ndani," Shufaa alisema. Sauti yake haikupanda. "Unalitafuta hilo tangu siku ya harusi, Mama Tausi."

"Tangu kabla ya harusi."

"Unaona sasa."

Shufaa alieleza, bila kuinua macho, kwamba amebakiza msimu mmoja tu. Anayemaliza misimu mitatu Ndani hupewa nyumba mtaa wa juu, kule moshi wa kiwanda usikofika. Alitaka mtoto wake azaliwe huko. Halafu mke mwenza, tena laini, anakuja na maneno kwamba chuma kimeoza. Nani angeamini? Kadi yake ilisema nini? Mashine ya serikali iliyompima utotoni ilikosea, na ya Mwajabu iliyosoma kwa wizi ndiyo inayosema kweli?

"Kadi haikukosea," Mwajabu alisema. "Ulizaliwa hivyo. Udongo ndio umekuja baadaye."

"Wivu tu."

Mwajabu alikuwa amejiandaa kwa neno hilo tangu kwa Dokta Sekela. Alikuwa na jibu zuri, la heshima, la mtu mzima anayetaka mema ya familia. Lilipofika wakati wake, likamkwama. Akasema jingine.

"Ndiyo, nina wivu. Nina wivu na kadi yako, na urefu wako, na unavyocheka usiku, na hiyo mimba ndiyo imenimaliza kabisa. Na damu yako inakatika. Usichukue moja ukaacha la pili, Shufaa. Yote ni kweli."

Shufaa aliacha kukuna.

"Kama unanichukia hivyo, si ungenyamaza?"

"Nilinyamaza," Mwajabu alisema. "Tangu wiki ya malaria."

Kuku aliingia sebuleni, akadonoa chicha za nazi, hakuna aliyemfukuza. Shufaa alimtazama mwenzake kama vile anamwona kwa mara ya kwanza, na mtu angeweza kusoma usoni mwake hesabu anayoipiga: wiki ya malaria, wiki za zamu, vipande vya udongo alivyokula katikati. Alipofika mwisho wa hesabu, aliinuka. Aliingia chumbani. Mwajabu alidhani amekwenda kumpigia Haruni simu, akajiandaa kwa yatakayokuja. Lakini alirudi na mkoba wa zamu, akaugeuza juu chini. Udongo wa kijivu ulimwagika kwenye ungo, mwingi, akiba ya mwezi mzima. Kisha akaketi kwenye mkeka.

Aliuliza kama atapata saratani. Mwajabu alijibu kwamba hajui, na hakuna anayejua. Akiacha udongo na kukaa mbali na tanuru, mafundi wa mwili wake watafunguka mikono polepole, nao ni wengi na wazuri. Aliuliza kuhusu mtoto. Hilo nalo Mwajabu hakulijua, na alisema hivyo. Aliuliza kama ni kweli kwamba damu hii ikifika juu, mabosi wataulizia ilikoanzia na Mwajabu naye anafukuzwa. Ni kweli.

"Tutakuwa nyumbani wote wawili," Shufaa alisema. "Kila siku."

"Kila siku."

"Na Haruni."

"Na Haruni," Mwajabu alisema, na lilimuuma kulitamka.

Shufaa alikunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa mwanamke aliyeficha kucha zake zilizokatwa na nywele zilizotoka kwenye kitana, asije mke mwenza akaziokota na kuzipeleka kusikojulikana. Sasa alinyoosha mkono wake mtupu juu ya goti la huyo huyo mke mwenza. Mwajabu alifungua kifuko, akafunga mpira, akatafuta mshipa kwa kidole. Ngozi ilikuwa ya moto.

"Dada," Shufaa alisema. Hakuwahi kumwita hivyo walipokuwa peke yao. "Mtoto akitoka laini, utafurahi?"

Uongo ulikuwa karibu, mtamu, wenye kumfaa kila mtu. Mwajabu alishika sindano, akaangalia ule mkono.

"Nitafurahi," alisema. "Siku ya kwanza nitafurahi sana. Siku ya pili nitakuja kumwogesha."

Shufaa alikunja ngumi, mshipa ukasimama, akageuzia uso ukutani ili asiione sindano ikiingia.